Ua wa Tangawizi

Mabati ya buluu yalisimamishwa kuuzunguka ua wetu, na juu yake wakaandika kwa herufi kubwa kwamba mtaa wa maghala unazaliwa upya. Tangu hapo masika mawili yamepita. Herufi zimebanduka, mbuzi wa Barabara ya Bazaar wamekula matangazo yote ya karatasi hadi pale shingo zao zinapofika, na mtaa bado haujazaliwa.

"Hata tembo angekuwa ameshajifungua," Philomina husema kila tukipita hapo. Sote tunamwita Chechi, dada mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo kati yetu.

Kampuni ilikuja na michoro mizuri. Maghala ya mtaa wetu wa Mattancherry yangegeuzwa mikahawa, vyumba vya kuonyeshea picha, na hoteli yenye madirisha ya kutazama maji. Walilipaka ghala kubwa rangi ya manjano hadi pale ngazi yao ilipoishia. Kwenda juu bado ni jeusi kwa kuvu. Walifungua mkahawa mmoja, wakauza kahawa kwenye chupa za achari, ukafungwa kabla hatujaijua ladha yake. Katikati ya ua wakachimba shimo kubwa, waweke chemchemi ya maji ya kuruka. Kisha wenye mali wakagombana na kampuni. Wenye mali ni Jethabhai, mfanyabiashara wa tangawizi anayetuajiri, pamoja na binamu zake walioko Bombay na Maskati. Mahakama ikasema asijenge mtu, asibomoe mtu, mpaka kesi iishe. Mafundi wakatoweka mmoja mmoja. Aliyebaki ni Bipul, mlinzi kutoka Assam, ambaye huanika fulana zake kwenye mabomba ya chemchemi.

Kwetu sisi wachambua tangawizi, ua ule haukuwa kitu cha kutazamwa. Sakafu yake ni ya matofali na chokaa, imeinama kidogo kuelekea majini ili mvua isituame, na jua huipiga tangu asubuhi mpaka alasiri bila kivuli. Tangawizi iliyokauka vibaya huota ukungu ndani ya gunia, na gunia moja huambukiza ghala zima. Bibi yangu, Vellumma, alichambua tangawizi pale tangu usichana wake. Mimi nilimfuata nikiwa darasa la nne, macho yake yalipoanza kufifia. Nilikwenda ili nimshike mkono wakati wa kurudi nyumbani, nikabaki na ungo.

Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa la tangawizi.

"Vua viatu," aliniambia. "Hapa panawekwa kitu cha kuingia vinywani mwa watu."

Wote walivua. Tajiri alivua, mnunuzi wa kutoka Jedda alivua, hata polisi aliyekuja kuuliza habari za baiskeli iliyoibwa alivua. Watu wa kampuni waliingia na mabuti.

Nyota za karatasi za Krismasi zilikuwa zimeanza kuning'inia kwenye nyumba za kina Philomina Chechi siku Jethabhai alipotuita barazani kwake. Alikuwa akinywa chai kwenye kisahani, kama kawaida yake.

"Tangawizi mpya itashuka kutoka milimani baada ya Mwaka Mpya," alisema. "Msimu uliopita niliianika kando ya barabara. Malori yameikanyaga, mbuzi wameikojolea. Mnunuzi alinusa ungo, akaniuliza, Jethabhai, siku hizi unauza tangawizi au unauza beberu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Nimepata banda huko Perumbavoor, kwenye barabara kuu. Lina sakafu nzuri. Atakayeweza kuja, aje. Gari litakuwa linaondoka hapa kabla ya alfajiri."

Kicheko kikatukauka. Wenzangu wana watoto wa shule. Mimi nina Vellumma, ambaye sasa haoni kabisa. Kila adhuhuri huenda mbio kumpakulia wali na mchuzi wa samaki, nikarudi kabla ungo wangu haujapoa. Nikienda Perumbavoor, nani atamwashia moto? Na nisipokwenda, huo moto utapika nini? Sijui kazi nyingine. Nilitazama vidole vyangu vilivyopauka kwa chokaa ya kung'arishia tangawizi, nikanyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote.

"Na ua wako?" Philomina Chechi aliuliza. "Mtu ana sakafu yake, anakwenda kukodi ya mwenzake?"

"Ua una kesi."

"Kesi ni ya kujenga. Sisi tunataka kuanika."

"Philomina, una mdomo wa wakili."

"Wakili wako anakula kesi isipoisha, Jethabhai. Mimi nakula tangawizi ikikauka."

Jethabhai aliweka kisahani chini. Ni mzee sasa, na nadhani yeye pia hakuipenda Perumbavoor.

"Kufungua siwezi," alisema polepole. "Nikifungua, binamu zangu watasema nimevunja amri. Lakini sijakatazwa kupita pale. Siku lori la kwanza litakapofika, nitapita. Nikikuta ua, magunia yatashuka. Nikikuta shimo, lori litaendelea na safari yake, na mimi nyuma yake."

Tukiwa njiani kurudi, Philomina Chechi alinigusa kiwiko. "Na wewe, Ramla, unasemaje?"

"Mimi?"

"Hapana, huyo mbuzi nyuma yako. Hata siku ya ndoa yako itabidi mimi ndiye nikukubalie."

"Shimo linajazika," nilisema.

"Enhe! Mmesikia? Hata huyu kasema. Basi linajazika."

Kesho yake tulimwendea Bipul getini. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Nimewekwa hapa kuzuia wezi," alisema. "Nyinyi mnataka nini?"

"Tumekuja kuiba," Philomina Chechi akamjibu.

"Kuiba nini?"

"Shimo. Tunalichukua lote, hatuachi hata kipande."

Bipul alisukutua, akatema, akafikiri. Wali wake wa mchana hutoka jikoni kwa Philomina Chechi, na hilo pia nadhani alilifikiri. "Shimo chukueni," alisema akifungua mnyororo. "Fulana zangu msiguse."

Udongo wa shimo lile ulikuwa umemwagwa kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara. Tulileta vikapu, tukajaza, tukavuka nao barabara, tukamwaga. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri hata tukaimba. Tulikuwa tumeshakosea na hatujui. Tulijitwika.

Katika Barabara ya Bazaar hakuna anayejitwika ila hamali wa chama, mwenye shati la buluu na taulo kichwani. Ukinunua kabati ukataka kulibeba na ndugu zako, mahamali watakaa pembeni wakutazame, kisha watadai ujira wa kutazama. Serikali imekataza, lakini serikali haikai Barabara ya Bazaar. Sisi haya tunayajua tangu tumboni. Ila tulidhani udongo si mzigo.

Siku ya pili tulikuta mahamali wameketi mbele ya geti, mstari mzima. Mkubwa wao, Bava, alikuwa amesimama, kikoi chake kimekunjwa mpaka magotini. Kikoi kikikunjwa hivyo mbele yako, ujue hukuitiwa mazungumzo.

"Bava, ni udongo tu!" Philomina Chechi alisema.

"Kitu kikikaa juu ya kichwa katika barabara hii, kina jina. Kinaitwa mzigo."

"Basi na hilo taulo lako ni mzigo? Nani anakulipa?"

Mahamali wengine walicheka, Bava akawageukia, wakaacha.

"Cheka wewe. Leo ni udongo. Kesho mtajitwika gunia. Keshokutwa tajiri ataniambia, Bava, wanawake wanabeba kwa bei nafuu, wewe kalale. Mlikuja kuniuliza? Mlituma hata mtoto? Hapiti mtu."

"Tangawizi ikienda Perumbavoor, utabeba nini? Mbuzi?"

"Nitabeba heshima yangu."

Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake, ndiyo maana yaliuma. Tena hakuweza kurudi nyuma, watu wake wote wakimtazama. Philomina Chechi kadiri alivyomchoma kwa maneno, ndivyo alivyozidi kuwa mgumu. Krismasi ikapita. Mwaka Mpya ukafika, sanamu la mzee wa matambara, mfano wa mwaka uliokwisha, likachomwa ufukweni kama kila mwaka, watu wakashangilia, na shimo letu likabaki wazi. Simu zilikuja kutoka milimani kwamba tangawizi inapakiwa.

Nilimsimulia Vellumma wakati wa kumpakulia wali. Alisikiliza akiondoa miiba ya samaki kwa vidole. Hajawahi kukwamwa na mwiba, japo haoni.

"Bava yupi? Bava wa Pathu?"

"Huyo huyo."

"Bava ni mtoto wangu wa kunyonya. Mama yake, Pathu, alishikwa na homa, nikamnyonyesha pamoja na mama yako. Kwako ni mjomba. Mkono wake si haramu kwako. Nenda kapatane naye."

"Nitasema nini, Vellumma? Mbele ya wanaume wote wale?"

"Nani kakwambia ukaseme?"

Alifuta mkono, akanivuta, akaifunika mikono yetu kwa ncha ya mtandio wake. Chini ya kitambaa alinishika kidole kimoja, kisha viwili, kisha kiganja chote. Nilicheka kwa sababu nilikumbuka. Babu alikuwa dalali wa pilipili manga, na zamani madalali walipatana hivyo: kitu kinatajwa kwa sauti, ila kiasi chake kinasemwa kwa vidole chini ya taulo, asione mtu. Alinifundisha kama mchezo nilipokuwa mdogo, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kimya.

"Na yule," Vellumma alisema, "kichwa chake ni kigumu hadharani tu. Tangu utotoni. Watu wakitazama, hataki ziwa. Nikimfunika na mtandio, ananyonya mpaka anapaliwa."

Nilikwenda mchana ule ule, kabla moyo haujanigeuka. Mahamali walikuwa wakicheza karata juu ya gunia tupu.

"Leo wametuletea bubu!" mmoja alisema. "Philomina amekwisha betri?"

Nilipita katikati yao, nikasimama mbele ya Bava.

"Mjomba," nilisema. "Taulo."

"Taulo la nini?"

Nilinyoosha mkono wangu wa kulia. Karata zikaacha kuanguka. Wazee kati yao waliielewa ishara ile. Walikuwa hawajaiona kwa miaka. Bava alinitazama usoni, akautazama mkono, kisha akafungua taulo kichwani, polepole, akalitupa juu ya mkono wangu na wake.

Kitu hutajwa kwa sauti. Hapo hapakuwa na njia ya kukwepa.

"Udongo wote wa ng'ambo," nilisema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, "mahamali waubebe. Bila ujira. Na magunia ya uani hatutajitwika hata moja."

"Bila ujira!" mcheza karata alipiga kelele.

"Nyamaza, Shamsu," Bava alisema. "Watu wanapatana."

Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao wa gati. Alinishika kidole kimoja: siku moja. Nilishika kiganja chake chote: mpaka uishe. Alikunja ngumi: hapana. Akanipa viwili. Nilivitikisa: havitoshi. Akanipa vitatu, akavibana kidogo, kama mtu anayesema usinichoshe. Kwa siku tatu tungefika karibu na ukingo, lakini karibu na ukingo bado ni shimo. Sikumwachia.

Niligonga kiganja chake mara mbili, ndani, nje. Barabarani gunia lilikuwa likibebwa mara moja tu, kutoka lorini mpaka barazani, basi. Uani litabebwa kuingia, na likishakauka litabebwa tena kwenda ghalani. Mara mbili, msimu mzima. Kisha niliikunja ngumi yake kwa vidole vyangu na kuiacha hivyo, tupu. Hiyo ilikuwa Perumbavoor.

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Kwa nje alikuwa bado mwamba. Lakini chini ya taulo mkono wake ulilowa jasho, na baada ya muda ngumi ililegea, kiganja kikafunguka chote. Akanivuta kidole gumba. Tumepatana.

Bava alilinyakua taulo, akajifunga kichwani, akawageukia watu wake.

"Nimemkomesha!" alitangaza. "Mtoto huyu alitaka tubebe siku moja, mbili, kivivuvivu, halafu tuwaachie wao. Nikamwambia, sisi si watu wa kazi nusu. Tunabeba mpaka uishe!"

"Bure, Ikka?" Shamsu aliuliza, akimwita kaka mkubwa kama wamwitavyo wote.

"Na magunia yote ya uani ni yetu, kuingia na kutoka. Hakuna mwanamke atakayegusa hata sikio la gunia. Unataka nini tena, Shamsu? Nikuimbie?"

Walipokuwa wakiinuka kwenda ng'ambo, Bava aliinama kana kwamba anaokota kitu. "Vellumma hajambo?"

"Hajambo. Anasema zamani ulikuwa hunyonyi watu wakitazama."

Alikohoa sana. Kisha akakishusha kikoi chake mpaka vifundoni, kama mtu anayepita mbele ya mama yake, akaenda kazini.

Mahamali walibeba kwa namna ambayo sisi na vikapu vyetu tungeona aibu. Sisi tulishindilia udongo kwa miguu na kwa mitwangio ya nyumbani. Mabomba ya chemchemi hatukuyang'oa, kwa kuwa mahakama ilisema asibomoe mtu. Tuliyalaza na kuyazika kwa adabu zote, na Bipul akahamishia fulana zake kwenye mabati. Matofali ya zamani tuliyakuta yamerundikwa nyuma ya mkahawa. Tulipoanza kuyapanga, Bipul aliingiwa na hofu.

"Huku si kujenga?"

"Kujenga ni kwenda juu," Philomina Chechi alimwambia, akichanganya chokaa. "Sisi tunakwenda chini."

Pale palipokuwa na shimo pakabaki na doa jeupe, kama ngozi mpya juu ya kovu. Kila asubuhi nililigusa kwa kiganja. Lilikuwa bado na ubaridi wakati honi ya lori iliposikika mwanzoni mwa barabara.

Lori lilisimama mbele ya geti bila kuzima injini. Dereva alikuwa ameambiwa huenda akaendelea na safari. Mahamali walisimama nyuma yake, mataulo vichwani. Sisi tulijipanga ukutani na nyungo zetu mpya, miguu mitupu, ndala zetu zimeachwa nje kwa mstari.

Jethabhai alikuja kwa miguu, simu sikioni, akizungumza Kigujarati kwa sauti ya mtu anayezungumza na ndugu aliye mbali. Aliingia getini hivyo hivyo, akitazama juu kwenye rangi ya manjano iliyoishia njiani, kama mtu anayekagua kiwanja cha mafundi. Kandambili zake za ngozi zilikuwa miguuni. Alipiga hatua, akapiga nyingine. Nani amzuie? Ni tajiri, na lori lilikuwa likingoja neno lake. Nilimtafuta Philomina Chechi kwa macho. Alikuwa upande wa pili, amefunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mguu wa Jethabhai ulikuwa unakaribia chokaa mpya.

"Jethabhai," nilisema. "Viatu."

Sauti haikutoka nyembamba. Iligonga ukuta wa ghala ikarudi, na kila mtu aliisikia mara mbili.

Jethabhai alisimama. Alinitazama kama vile ungo ndio uliosema. Kisha akatazama miguu yake, akatazama doa jeupe, akatazama ndala zetu zilizopangwa nje. Kwenye simu binamu alikuwa bado anaongea peke yake.

Angeweza kusema, viatu vya nini, hapa si kiwanja cha kampuni? Nilikuwa nimejiandaa aseme hivyo, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu.

Alirudi nyuma mpaka getini. Akashika bati la buluu kwa mkono mmoja, maana magoti yake si mazuri, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka mwishoni mwa mstari wa ndala zetu. Alikuja miguu mitupu mpaka pale palipokuwa na shimo. Akalikanyaga kwa kisigino. Akalikanyaga tena kwa nguvu zaidi.

"Hapana," alisema kwenye simu, safari hii kwa lugha yetu, ili sote tusikie. "Hakuna aliyejenga kitu. Hakuna aliyebomoa. Ni ua tu, uko palepale."

Akaiweka simu mfukoni.

"Bava! Unangoja gunia lizae?"

Dereva akazima injini. Gunia la kwanza likaingia begani mwa Bava, likashuka katikati ya ua, Philomina Chechi akalikata mshono, na tangawizi ikamwagika ikiwa bado na udongo mwekundu wa milimani. Tuliitandaza kuanzia upande wa maji, kama zamani. Doa jeupe tuliliachia nafasi, lipate jua lake kwanza. Kesi bado ipo, na mabati bado yamesimama. Siku kampuni itakaporudi, itatukuta tumekaa.

Adhuhuri nilikimbia nyumbani. Kabla sijafunua sufuria, Vellumma alinishika mikono yote miwili, akaipeleka puani, akanusa kwa muda mrefu.

"Haina mbuzi hii," alisema.

"Haina."

"Basi nipe huo wali upesi, urudi. Jua linakwenda."